Faili la 1912 linasema wakaaji wa shamba letu huenda ni ndugu zetu. Nitie saini?

Salaam aleikum Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 43, mwalimu wa sekondari, naishi Mombasa na mume na watoto. Asili yetu ni upande wa Mambrui, kaskazini ya Malindi, ambako baba wa babu yangu aliacha shamba la minazi na mikanju. Jina langu naomba lisitajwe. Na huyu mama nitakayemzungumzia nimempa jina la Faida. Lake la kweli nimeliacha kwenye karatasi.

Jambo lilianza kwa heri. Ukoo wetu umetawanyika, wengine Nairobi, wengine Maskati, mmoja yuko London, na watoto wanazaliwa hawajui hata jina la babu yao wa tatu. Nikajitolea kuandika kitabu kidogo cha nasaba. Wazee walinipa majina mpaka kwa baba wa babu, hapo wakakwama. Aliyenifungulia njia ni jirani yangu, mpimaji ardhi mstaafu. Aliniambia kwamba Mwingereza alipoleta sheria ya hatimiliki za pwani mwaka 1908, kila mwenye shamba au nyumba katika mwambao wa maili kumi alitakiwa aje adai mali yake, ataje mipaka, alete mashahidi na aeleze aliipataje. Ardhi isiyodaiwa na mtu ilihesabiwa ya serikali. "Kama mzee wenu alibaki na shamba," akasema, "basi kuna siku alisimama akajieleza. Tafuta alivyojieleza."

Nimetafuta, nimepata faili la dai lake. Dole gumba la baba wa babu liko pale, wino wa zambarau, mistari yake yote yaonekana. Mipaka yake imeandikwa: kibla (kaskazini), shamba la warithi wa fulani; suheli (kusini), njia ya ng'ombe; matlai (mashariki), bahari; maghribi (magharibi), pori. Iko na hati aliyonunulia, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, mwaka 1326 wa Hijra, bei kwa rupia. Ndani yake wametajwa dada zake wawili ambao hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kuwasikia. Siku ile nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu kwenye matatu.

Lakini nilipoketi kusoma nakala vizuri, nikafika kwa mashahidi. Shahidi wa pili anasema upande wa suheli kuna minazi iliyopandwa na Faida na mwanawe, na mwana anamtaja kwa jina. Anasema Faida ni suria wa mdai, na kwamba mdai amewapa sehemu ile. Baba wa babu anaulizwa. Jibu lake halifiki mistari mitatu: Faida ni huru wangu (yaani mtumwa aliyemwacha huru), nimempa miti, ardhi ni yangu. Yule mwana hakumgusa kabisa.

Mshauri, upande wa suheli ndiko wanakokaa mpaka leo watu ambao sisi tunawaita "wakaaji". Kila mwaka humpa ami yangu kitu kidogo cha kodi. Tulipokuwa watoto tukienda huko likizo, mzee wao ndiye aliyekuwa akitukwelea madafu, na sisi tulifunzwa kumwita kwa jina lake tupu, hakuna "ami" wala "babu", mtu mwenye umri wa kutuzaa. Na babu yake mzee huyo, ambaye humtaja kila anapozungumzia minazi, ana jina lile lile la mwana wa Faida.

Sasa ami amepata mnunuzi wa shamba lote, anataka kujenga nyumba za watalii. Wakaaji wameambiwa watapewa chochote cha kubomolea na waondoke. Sisi wajukuu tumeletewa karatasi ya warithi ya kupelekwa kwa kadhi. Majina yetu yote yamo, na chini yake imeandikwa kwamba hatumjui mrithi mwingine yeyote. Wote wametia saini isipokuwa mimi.

Ami ndiye aliyenilea baada ya baba kufa. Karo yangu yote, mpaka chuo, ni jasho lake. Leo anaugua figo, na fedha za shamba ndizo zinazotarajiwa kumpeleka India. Ndugu yangu nilimwonyesha picha ya ukurasa ule, akaniambia, "Wewe ulitumwa majina, hukutumwa mashamba."

Nikitia saini, naona nimedhulumu damu yangu. Nisipotia, naona nimemnyima ami uhai. Na yule mzee nimwambie? Nitaanza vipi, ilhali kwetu kuitwa mjukuu wa suria bado ni tusi? Na kitabu nikiandikeje?

Msaka Nasaba, Mombasa

JIBU

Waaleikum salaam, mwanangu,

Nianze na ami, kwa sababu naona ndiye anayekuuma zaidi kuliko shamba. Amekulea, ni mgonjwa, na mkono wako ndio uliobaki kati yake na fedha za matibabu. Huo ni mzigo mzito, na nisingependa uusome mwili wako unaotetemeka kama dalili ya ukosefu wa shukrani. Ulifuata majina ya wazee kwa nia safi, ukakutana na jambo linalodai zaidi ya kuandikwa. Na jambo lenyewe limekuja limefungamana: nani ni nani katika ukoo, nani ana haki gani juu ya ule upande wa suheli, na wewe useme nini, kwa nani, lini. Wewe umeyameza yote kwa pamoja ndiyo maana hayashuki. Ruhusu niyatenganishe.

Kwanza faili lenyewe. Umelisoma kama mtu anayemsikiliza babu yake akiongea na yeye. Hakuwa akiongea na wewe. Alikuwa akiongea na ofisa wa serikali ambaye angeweza kumpa shamba au kumnyima, na alichosema kiliandikwa na mtu mwingine, pengine kwa lugha nyingine. Utumwa katika pwani yetu ulifutwa kisheria mwaka 1907. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya hatimiliki. Fikiria hali ya mashamba miaka ile. Watu waliokuwa watumwa wamekuwa huru, wengi bado wako pale pale, wanalima, wanapanda. Mwenye shamba anayeitwa kudai ana hofu kwamba akikiri jambo moja zaidi, eneo litakatwa. Kwa hiyo "nimempa miti, ardhi ni yangu" yaweza kuwa ukweli mtupu, na yaweza kuwa jibu la mtu anayelinda mpaka. Hata kumnyamazia yule mwana kuna maana zaidi ya moja. Huenda hakuwa wake. Huenda alikuwa wake na hakutaka kusema mbele ya wageni. Huenda hakuulizwa.

Na huyo shahidi wa pili, umemchunguza? Mtazame kama jina lake limo katika mipaka ya shamba lenu au ya jirani. Shahidi wa mwaka 1912 hakuwa malaika. Mara nyingi alikuwa jirani mwenye mpaka wake, au mtu anayemdai mdai, au mtu wa nyumba moja naye. Aliyemwita Faida suria huenda alitaka kumpandisha daraja, huenda alitaka kumshusha.

Kuna jambo jingine ambalo watafuta nasaba wengi huliruka. Dai si hukumu. Ulichonacho ni maelezo ya mtu aliyeomba. Bado hujaniambia alipewa nini. Tafuta cheti kilichotolewa baada ya kesi, na ramani ya mpimaji iliyoambatishwa. Inawezekana ule upande ulikatwa. Inawezekana Faida naye aliwasilisha dai lake, na kama alifanya hivyo, utamkuta chini ya jina lake, pengine ameandikwa "huru wa" fulani badala ya "binti" fulani, ndiyo maana mtu akitafuta kwa jina la ukoo hampati. Halafu nenda kwa majirani. Kila shamba limeandikiwa mipaka minne, na mpaka wa jirani yako ni maelezo ya ubavu wako, yaliyotolewa na mtu asiyekuwa na haja ya kukuficha. Mimi faili la jirani huliamini zaidi kuliko la mwenyewe.

Halafu kuna suala la miti. Sisi watu wa pwani tunajua kwamba mwenye ardhi ni mmoja na mwenye kilicho juu yake aweza kuwa mwingine. Mombasa mpaka leo kuna nyumba za Kiswahili, Majengo na kwingineko, ambazo mwenye nyumba anamlipa mwenye kiwanja kodi. Minazi nayo ilipewa watu hivyo hivyo, ikauzwa, ikawekwa rehani, na udongo ukabaki na mwenyewe. Kwa hiyo hata ukichukua maneno ya baba wa babu yalivyo, amekiri kumpa Faida mali. Swali ni mali gani, na imebaki nini. Minazi iliyokuwa ikizaa mwaka 1912 mingi imekwisha kufa kwa uzee. Iliyoko leo ilipandwa na nani? Nani aliyeruhusu? Hilo halimo katika faili lolote. Liko kwa wale wanaokaa pale.

Kuhusu damu, umekwenda haraka, mwanangu, na nakuelewa. Katika sheria ya dini yetu, mtoto wa suria ambaye babake amemkubali ni mwana kamili, anarithi kama wa mke, na mama mwenyewe huwa huru bwana akifa. Kila kitu kinasimama juu ya kukubaliwa. Wewe una shahidi mmoja aliyesema suria, mdai aliyesema huru wangu, na mtoto ambaye hakuna aliyesema ni wa nani. Una jina linalofanana pia. Mzee aliyezaliwa kwenye miaka ya 1940 au 1950, babu yake angeweza kabisa kuwa kijana anayepanda minazi mwaka 1912, hesabu inakubali. Lakini kwetu mjukuu hupewa jina la babu, na jina moja hurudi kila baada ya kizazi, na majina ya watu wa mashamba yalikuwa yale yale toka Mambrui hadi Vanga. Hesabu kukubali ni mwanzo wa kuuliza.

Sasa nikuulize mimi. Kwa nini umechukulia kwamba mzee wa wakaaji hajui? Umesema humtaja babu yake kila anapozungumzia minazi. Mtu hamtaji babu yake kila mara bila sababu. Huenda anachojua yeye ni kingi kuliko kilichomo katika nakala yako, na amenyamaza kwa sababu zake. Na kwa nini umechukulia kwamba ami hajui? Kuna mtu aliyewafunza nyinyi watoto kumwita mzee yule kwa jina tupu. Nyumba za kwetu haziachi mtu mzima aitwe hivyo kwa bahati mbaya. Simshutumu ami wako. Nasema tu kwamba hiyo siri unayoibeba peke yako, huenda si siri yako peke yako.

Nije kwenye saini. Umeliweka jambo hili kama mlango wenye pande mbili, dhuluma huku na kifo cha ami kule. Naona milango mingine, ingawa hakuna ulio wazi bila gharama.

Isome upya ile karatasi. Haikuulizi kama wakaaji ni warithi. Inakutaka useme kwamba wewe humjui mrithi mwingine. Juzi ungeisaini bila wasiwasi. Leo unajua kitu, hata kama kitu chenyewe hakijathibitika. Mtu anayeapa mahakamani akimficha anayemjua, mirathi yote yaweza kufutwa baadaye. Na hapa ndipo ninapoona hofu yako kwa ami imegeuka upande. Mnunuzi wa nyumba za watalii ana mawakili. Akilipa kidogo, wakaaji wakapata wakili wao, kesi ikaingia Mahakama ya Ardhi na Mazingira, fedha zitasimama, na huenda zikasimama kwa miaka. Kusema mapema kwaweza kuwa ndiko kunakomlinda mgonjwa. Upande mwingine nao niutaje: mnunuzi aweza kusikia neno "mgogoro" akaondoka kesho, na figo haingoji mahakama. Sitakuficha hilo.

Tafuta wakili wako mwenyewe, asiwe yule wa ami wala wa mnunuzi, umuulize mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Hatimiliki leo iko kwa jina la nani? Ikiwa bado ni la baba wa babu, mirathi ya babu na ya baba yako zilipita wapi? Je, wakaaji wana haki zao wenyewe mbali na nasaba? Sheria ya Kenya huzungumzia miaka 12 kwa mtu aliyekaa waziwazi juu ya ardhi bila ruhusa ya mwenyewe, lakini wao wamekuwa wakilipa kodi, na kodi huonekana kama ruhusa. Mwonyeshe pia ile hati ya Hijra. Kama ndani yake kuna maneno ya wakf, yaani mali iliyofungwa isiuzwe wala kurithiwa, kwa kizazi baada ya kizazi, habari inabadilika kabisa, kwa sababu mali ya wakf haiuzwi. Na hapo pia wakili atakuwa na kazi, maana wakf za dhuria, zile za kizazi cha mtoaji, zilikuwa zikikataliwa na mahakama za kikoloni mpaka sheria ya mwaka 1951.

Lipo pia wazo la kuuza bila ule upande wa suheli. Sehemu inakatwa, inapimwa, wakaaji wanabaki, ami anauza kilichobaki. Kwenye dini yetu warithi wana nafasi pana ya sulhu, na sulhu haihitaji mtu athibitishe nani alizaa na nani mwaka 1900 na ushei. Gharama yake ni muda: mpimaji, na idhini ya bodi ya ardhi ikiwa shamba bado ni la kilimo. Mnunuzi naye huenda analitaka shamba kwa ajili ya upande huo huo. Na wapo binamu zako watakaouliza kwa nini wape watu wa kodi. Utakuwa na la kuwajibu bila kumtaja Faida? Lifikirie.

Kunyamaza nako ni njia, na watu wema wameifuata. Ila kunyamaza kwako hakufanani na kwa ndugu yako. Yeye alisaini kabla ya kujua, au alijua kwa picha ya simu. Wewe umelishika faili.

Kwa mzee wa wakaaji, nakuomba upole. Ukimwendea na habari, umempa kitu ambacho hakuomba. Ana mabinti wa kuozwa, ana wajukuu, na wewe unajua bado kuna nyumba zinazouliza kufu, yaani kama mchumba analingana nao kwa nasaba. Nasaba ya suria akitaka itangazwe, ni juu yake. Akitaka ibaki ilipo, ni juu yake pia. Lakini haki ya kukaa mahali ni jambo jingine, na yeye ameambiwa abomoe. Pengine inafaa uende kumsikiliza kwanza, umuulize habari za babu yake na za minazi, na makaburi ya watu wao yako wapi: upande wao, au pamoja na ya kwenu? Kwetu makaburi mengi hayana maandishi, lakini wazee hujua nani kalala wapi, na mahali alipozikwa Faida panaweza kusema alichonyamazia baba wa babu. Hatari yake unaijua. Kabla hujafika barabarani, ami atakuwa ameshapigiwa simu kwamba umekwenda kuwachochea maskwota. Ndiyo maana mpangilio wa nani asikie kwanza ni mzito kuliko maneno utakayoyatumia.

Kitabu kiweke kando kwanza, hakina mnunuzi anayekingoja. Siku utakapokirudia, unaweza kuyaandika maneno ya faili kama yalivyo, shahidi alisema hivi, mdai akajibu hivi, bila kuwafungia watu walio hai nasaba ambayo hawajaikubali. Wale dada wawili waliosahaulika, waandike kwa furaha yote uliyotoka nayo siku ile. Na tafadhali, picha ya ule ukurasa isiingie kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Nimeona koo zilizogawanyika kabla mtu hajamaliza kusoma ujumbe.

Ukiamua kuanza na ami, nenda peke yako, wakati ambao hajachoka. Usimpelekee hoja. Mpelekee nakala, umsomee ile mipaka, umwonyeshe dole gumba la babu yake, kisha ile mistari ya Faida, na umwachie nafasi aseme. Akikasirika, hasira yake nayo itakuambia kitu. Akikuomba usaini hata hivyo, unaweza kumwomba muda wa kupata cheti na ramani, na hilo ni ombi la mtoto kwa mzazi, wala halimtuhumu mtu.

Kabla ya siku hiyo, mpe hati ile mtu anayesoma vizuri Kiswahili cha herufi za Kiarabu aiandike upya neno kwa neno. Usitegemee muhtasari wa karani. Kisha tafuta faili la shamba lililo ng'ambo ya ile njia ya ng'ombe. Ukilipata, niandikie mpaka wake wa kibla ulitajwa kwa jina la nani.